Somo la Saba: Kuchagua Gari Lililotumika kwa Safari Ndefu na Kupiga Kambi



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye fedha kidogo na safari ndefu. Huenda ni familia inayotaka kuondoka Dar es Salaam wakati wa likizo, ilale hemani Mikumi, kisha iendelee hadi Iringa na nyanda za Kitulo. Huenda ni vijana wanne waliochanga akiba zao ili waijue nchi yao. Gari jipya limewazidi uwezo, na kukodi kila mara kumeonekana ni gharama isiyoacha kitu mkononi. Linalobaki ni gari lililotumika, la bei nafuu, lenye nafasi ya watu, hema na sufuria.

Gari la mizunguko ya mjini likiharibika, mwenye gari hupanda daladala na kumwita fundi. Gari la safari huharibika pamoja na watu wake: usiku, mbali na gereji, watoto wakiwa ndani. Kasoro inayovumilika kati ya Mwenge na Kariakoo hugeuka kuwa hatari kwenye mteremko wa Kitonga. Kwa sababu hiyo, anayenunua gari la safari hana budi kutumia kipimo tofauti na cha mnunuzi mwingine.

Kipimo hicho ndicho kiini cha somo hili: nunua hali ya gari, usinunue sifa zake. Jina kubwa, rangi inayong'aa na herufi za karibuni kwenye kibao cha namba ni sifa. Breki, tairi, mfumo wa kupoza injini na uwezo wa kubeba mzigo ni hali. Baada ya kusoma, tunatarajia msomaji aweze kukadiria mzigo wake, kugawa bajeti yake, kulikagua gari kwa utaratibu, na kukamilisha nyaraka kwa namna inayomlinda kisheria.

1. Pima safari kabla ya kupima gari

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza, "Gari gani ni zuri?" Swali hilo halina jibu mpaka lile la kwanza lijibiwe: litakwenda wapi, katika msimu gani, likiwa na watu wangapi?

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye urefu wa takriban kilomita 830, ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu mawili, likiwa zima, huimudu bila shida. Barabara ya vumbi inayotoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi, Serengeti, ni habari nyingine: mawimbi yake madogo yasiyokwisha hutikisa kila bushi na kila nati, na gari lililochoka huanza kuachia vipande vyake humo. Aidha, kwenye mbuga zenye udongo mweusi, gari lililopita bila tatizo mwezi Agosti linaweza kuzama hadi ekseli wakati wa masika, kati ya Machi na Mei.

Basi andika kwenye karatasi safari unazotarajia kuzifanya katika miaka miwili ijayo. Kando ya kila safari andika kilomita za lami, kilomita za vumbi, msimu na idadi ya watu. Mara nyingi karatasi hiyo huonesha kwamba sehemu kubwa ya safari ni ya lami na changarawe nzuri, na kwamba njia ngumu ni moja tu, tena ya mara moja. Ushauri wetu ni huu: nunua gari la safari unazozifanya mara nyingi, na ile moja ya pekee ikodie gari. Magurudumu manne yanayosukuma yana faida yake penye tope na mchanga, lakini yana gharama zake kila siku: mafuta zaidi, vipuri zaidi, na difu ya ziada ya kuangaliwa. Kwa njia nyingi za changarawe, gari lenye uwazi wa kutosha kati ya tumbo lake na ardhi, lenye tairi nzuri, lina manufaa kuliko gari la magurudumu manne lenye tairi kipara.

2. Hesabu ya mzigo ambayo wengi huiruka

Kila gari lina uzito wake likiwa tupu, na uzito wa juu linaloruhusiwa kuufikia likiwa limepakiwa. Takwimu hizi mbili huonekana kwenye kadi ya usajili. Toa ya kwanza katika ya pili: kinachobaki ndicho kilo zote unazoruhusiwa kupakia, watu wakiwamo.

Magari mengi yaliyotumika yaliyopo nchini yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani. Huko, uzito wa juu wa gari la abiria hukokotolewa kwa kuhesabu kilo 55 kwa kila mtu anayeruhusiwa kukaa. Kwa hesabu hiyo, gari la watu watano lina nafasi ya kilo 275, na la watu wanane lina kilo 440. Sasa tuchukulie, kwa mfano, familia ya wazazi wawili na vijana wawili inayokwenda kupiga kambi kwa siku tano:

- Watu wanne: kilo 240
- Maji lita 60 pamoja na madumu yake: kilo 62
- Hema, magodoro, viti na meza: kilo 45
- Chakula na vyombo vya kupikia: kilo 40
- Mabegi ya nguo: kilo 40
- Tairi la akiba la pili: kilo 22
- Zana, jeki na kamba ya kuvutia: kilo 20
- Petroli ya akiba lita 20 na dumu lake la chuma: kilo 20
- Mtungi mdogo wa gesi: kilo 14

Jumla ni kilo 503. Familia hii ya watu wanne tu imekwisha kulizidi gari la watu wanane, na imekaribia kulibebesha gari la watu watano mzigo maradufu. Kila kilo iliyozidi hubebwa na springi, shokapu, tairi na breki. Gari huchelewa kusimama, hupata joto mlimani, na tairi huweza kupasuka katika mwendo.

Hesabu hii haipaswi kumkatisha mtu tamaa. Kama safari ni ya lami, yenye miji njiani, maji yanaweza kujazwa kila siku: beba lita 20 badala ya 60. Petroli ya akiba na tairi la akiba la pili yaache nyumbani. Kilo 82 zimeondoka, na jumla imeshuka hadi 421, ambayo gari la watu wanane linaibeba ndani ya kipimo chake. Hivyo, kabla ya kutafuta gari kubwa zaidi, punguza mzigo.

Jambo jingine ni paa. Keria ya juu na paa lenyewe vina kikomo chao, ambacho kwa magari mengi madogo huwa kati ya kilo 50 na 100. Hema la kufungwa juu ya paa peke yake huweza kufikia kilo 50 au zaidi. Uzito uliowekwa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kwenye upepo wa malori. Vitu vizito, yaani maji, zana na makopo, vikae chini, karibu na katikati ya gari. Paani viende vyepesi, kama magodoro na mahema ya kawaida.

3. Aina za magari na mizani yake

Hatupendekezi chapa yoyote. Majina yaliyomo hapa ni mifano ya magari ambayo msomaji atakutana nayo sokoni.

Magari madogo ya kazi, mfano Toyota Probox na Succeed. Yana umbo sahili, hutumia mafuta kidogo, na vipuri vyake vinapatikana hata katika miji midogo. Viti vya nyuma vikilazwa, watu wawili wanaweza kulala ndani. Yanawafaa watu wawili, siyo familia. Udhaifu wake ni uwazi mdogo chini ya gari, na historia ya kazi nzito: mengi yamebeba mizigo au abiria kwa miaka.

Magari ya familia yenye milango ya kuteleza, mfano Toyota Noah na Voxy. Nafasi ni kubwa kwa bei yake, na kitanda cha mbao hutengenezeka ndani kwa gharama ndogo. Yachunguzwe hasa bushi za mbele, giaboksi na mfumo wa kupoza injini.

Magari ya kati yenye uwazi mkubwa kidogo, mfano Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na Suzuki Escudo. Hufaa lami na vumbi la kawaida. Msomaji afahamu kwamba si yote yenye magurudumu manne yanayosukuma yana gia nzito ya kupandia milima na kutokea kwenye tope: Escudo nyingi zinayo, RAV4 haina.

Magari makubwa ya chasisi imara, mfano Land Cruiser Prado, Hilux Surf na Pajero. Haya yaliundwa kwa njia ngumu. Hata hivyo, likipatikana kwa bei ndogo, mara nyingi ni kwa sababu limezeeka au limechoka, na matengenezo yake hayazeeki: tairi, klachi na shokapu zake hugharimu sawasawa na za gari jipya la aina hiyo.

Katika aina zote, uliza kuhusu injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo baadhi ya mafundi wetu huziita "D4". Si mbovu, lakini hutaka mafuta safi, na pampu yake ya shinikizo kubwa ni ghali. Kwa msafiri anayejaza mafuta popote alipofika, injini ya mfumo wa kawaida ina usumbufu mdogo.

4. Bei ya gari siyo gharama ya gari

Mlaji mwenye shilingi milioni 15 hutafuta gari la milioni 15. Hilo ndilo kosa linalotuletea malalamiko mengi kuliko mengine, kwa kuwa gari lililotumika halijawa tayari kwa safari siku linaponunuliwa. Tunashauri fedha zote zigawanywe hivi: sehemu 70 katika 100 zinunue gari, sehemu 20 zilirudishe katika hali ya safari, na sehemu 10 zibaki akiba ambayo haiguswi mpaka barabarani. Kwa milioni 15, gari linunuliwe kwa milioni 10.5, matengenezo yapewe milioni 3, na akiba iwe milioni 1.5.

Sehemu ile ya matengenezo hulipia, kwa kawaida, tairi, betri, oili zote, maji ya rejeta na mipira yake, mikanda ya injini, pedi za breki na shokapu. Kama muuzaji amekwisha kuvibadilisha, aoneshe risiti. Kama hana risiti, hesabu kwamba havijabadilishwa. Kiasi kilichobaki katika sehemu 70 kinatakiwa kimalize pia ada za kuhamisha umiliki na bima.

Mafuta nayo yaingizwe kwenye hesabu kabla ya kununua. Safari ya kwenda Mbeya na kurudi ni takriban kilomita 1,660. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 138. Linalokwenda kilomita 8 litatumia lita 207 au zaidi. Tofauti ni takriban lita 69 kwa safari moja. Zidisha lita hizo kwa bei kikomo inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na utaona kiasi ambacho gari la "bei poa" hudai kimyakimya.

Kwa anayefikiria kuagiza moja kwa moja kutoka nje, gharama ya gari bandarini ni mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na Kodi ya Ongezeko la Thamani, na magari yenye umri mkubwa hutozwa ushuru wa ziada. TRA ina kikokotoo cha thamani ya magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Kitumie kabla ya kutuma hata shilingi moja, kwa kuwa viwango hubadilika na bajeti ya kila mwaka.

5. Ukaguzi wa gari

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Rangi mpya kwenye gari kuukuu inapaswa kuzua swali kabla ya kuzua furaha. Kagua mchana, gari likiwa kavu, na uende na fundi uliyemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana ahadi kwa dalali.

Umri. Herufi za kibao cha namba hueleza gari lilisajiliwa lini nchini, hazielezi lilitengenezwa lini. Gari la "namba E" linaweza kuwa na umri sawa na la "namba C". Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi.

Kilomita. Namba za kwenye dashibodi huweza kurudishwa nyuma. Zilinganishe na hali ya usukani, pedali na kiti cha dereva: gari lililokwenda kilomita 60,000 halina pedali zilizolika hadi chuma. Kama gari limetoka Japani karibuni, omba nakala ya cheti cha kuondolewa usajili huko, ambacho huonesha kilomita zilizorekodiwa. Kama lilipitia mnadani, karatasi ya mnada yenye alama R au RA humaanisha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa.

Chini ya gari. Magari yaliyotumika katika mikoa ya theluji ya Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi, pamoja na yale yaliyokaa pwani kwa muda mrefu, huliwa na kutu chini wakati bodi ya juu inapendeza. Gonga chasisi kwa bisibisi. Kutu ya juujuu husafishika. Chuma kinachobonyea au kumeguka ni sababu ya kuondoka. Tazama pia mifuko ya mpira ya ekseli za mbele: ikichanika, vumbi huingia na kiungio hufa njiani.

Tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka kumi ni la kutupwa, kwa kuwa mpira hukakamaa na kupasuka kwa joto. Kuna pia namba ya uwezo wa kubeba. 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja. Usisahau tairi la akiba, jeki na spana yake.

Injini ikiwa baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Shika boneti, ikiwa ya moto, jiulize ni kwa nini. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa huashiria maji yanachanganyika na oili. Fungua rejeta, injini ikiwa baridi tu: maji yawe safi, yasiwe na kutu wala mafuta juu yake.

Unapowasha. Ukifungua ufunguo, taa za injini, oili, betri na ABS ziwake; injini ikishawaka, zizimike. Taa ambayo haikuwaka kabisa huenda imekatwa ili kuficha tatizo. Moshi wa buluu huashiria oili inayoungua; moshi mweupe mzito usiokoma huashiria maji yanayoingia kwenye silinda; moshi mweusi kwenye injini ya petroli huashiria mafuta yanayozidi.

Barabarani. Mzunguko wa dakika tano hautoshi. Omba angalau dakika 40, pamoja na kilima na barabara mbovu, watu wanne wakiwa ndani. Giaboksi ya otomatiki isichelewe kushika wala kupiga kishindo. Gari lisivute upande unapofunga breki. Kipimo cha joto kisipande mlimani. Katika safari halisi, kupanda Kitonga kuelekea Iringa hupima rejeta, na kuishuka njia hiyo hiyo hupima breki. Kasoro hizo ni heri zijulikane karibu na nyumbani. Mkirudi, acha injini ingurume dakika kumi, kisha tazama chini: tone lolote lina jina lake, na fundi alitaje.

Baada ya hapo, fundi aunganishe mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile itakayokuepusha.

6. Nyaraka, maneno na sheria

Mnunuzi aliyechagua vizuri anaweza bado kupoteza gari kwa nyaraka. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, linganisha namba ya chasisi na ya injini kwenye gari na zile za kwenye kadi halisi, siyo nakala. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Kadi halisi ikiwa "ipo kwa rafiki" au "ipo benki", huenda gari ni dhamana ya mkopo. Usilipe mpaka mkopeshaji athibitishe kwa maandishi kwamba deni limekwisha. Pili, angalia madeni ya faini za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari, na uhalali wa bima kwenye mfumo wa TIRA-MIS. Tatu, lipa kupitia benki, na hamisha umiliki TRA bila kuchelewa. Bima iliyopo ni ya aliyeuza. Kata ya kwako kabla ya safari, na kama utavuka mpaka, iulize kampuni ya bima kuhusu kadi ya njano ya COMESA.

Sasa tuangalie ulinzi wa sheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimjulisha mfanyabiashara kusudi mahususi la bidhaa, kwa namna inayoonesha anautegemea ujuzi wake, kunakuwa na sharti kwamba bidhaa ilifae kusudi hilo kwa kiwango cha kuridhisha. Kwa hiyo usimwambie mwenye yadi, "Nataka gari zuri." Mwambie, tena kwa maandishi: "Nataka gari la safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, likiwa na watu wanne na mzigo wa kambi. Unanishauri lipi?" Ujumbe wa simu na jibu lake utunzwe. Sentensi hizo mbili zinaweza kuwa ndio tofauti kati ya kudai haki na kulalamika tu.

Sheria hiyo ina upande wake wa pili. Mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kudai baadaye kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuigundua. Aidha, sharti la kufaa kusudi humbana anayeuza kama biashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, mzigo mkubwa wa tahadhari unabaki kwako. Ndiyo maana tumeupa ukaguzi kurasa nyingi kuliko malalamiko. Hata hivyo, mfanyabiashara anayerudisha kilomita nyuma au kuficha kwamba gari liligongwa anaingia katika mwenendo wa kupotosha, ambao umekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mkataba wa mauziano utaje namba ya chasisi, kilomita zilizoonekana, kasoro zilizokiriwa, kusudi la ununuzi, tarehe na saa ya makabidhiano, na usainiwe mbele ya mashahidi. Saa ni muhimu: faini ya asubuhi ni ya muuzaji, ya jioni ni yako.

7. Kabla ya safari ya kwanza

Usiondoke na gari ulilolinunua wiki iliyopita kwenda mbali. Fanya kwanza safari ya majaribio ya usiku mmoja, umbali usiozidi kilomita 200, likiwa limepakiwa kama litakavyopakiwa siku yenyewe. Hapo utajua kama mzigo unalilemea, kama taa zinatosha, na kama hema linasimikwa kabla ya giza. Beba mkanda wa injini wa akiba, fyuzi, mipira ya rejeta, pembetatu za tahadhari, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza.

Tahadhari ya mwisho inahusu uhai. Usilale ndani ya gari injini ikiwa inaunguruma, wala usiingize jiko la mkaa ndani ya gari au hema, hata baridi ya Njombe ikizidi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Nguo nzito na blanketi ni sehemu ya vifaa vya safari.

Maswali ya kujipima

1. Gari la watu watano kutoka soko la Japani lina nafasi ya kilo 275. Abiria ni watu wazima watatu wenye kilo 70 kila mmoja. Zimebaki kilo ngapi kwa mzigo wote? (Jibu: 65. Lita 60 za maji peke yake karibu zimezimaliza.)

2. Tairi lina tarakimu 0814. Lilitengenezwa lini, na utalisafiria? (Jibu: wiki ya 8 ya mwaka 2014, hapana.)

3. Muuzaji anakataa fundi wako asilikague gari, lakini anapunguza shilingi laki tano. Utafanyaje? (Jibu: Shukuru, uondoke. Punguzo hilo ni malipo ya kutoangalia.)

4. Una shilingi milioni 15, na umependezwa na gari la milioni 14. Ni nini kimekosekana? (Jibu: Fedha ya kulifikisha na kulirudisha.)

Msomaji akipata jibu tofauti katika swali lolote, arudie sehemu inayohusika kabla ya kwenda yadi. Na aliyekwisha kununua akagundua amedanganywa, asitengeneze kasoro kwanza: apige picha, apate maelezo ya maandishi ya fundi, ampe muuzaji taarifa kwa barua, kisha alete nakala za vyote hivyo ofisini kwetu. Lalamiko lenye karatasi husikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko lalamiko lenye hasira peke yake.